Mausipisi za zamani za tarumbeta: ipi itakupa sauti nene?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Napuliza tarumbeta, Jumamosi nakuwa na kikundi cha matarumbeta kwenye harusi na sendofu hapa Dar, Jumapili asubuhi kanisani, na sasa kuna bendi ya dansi wamenichukua kwa kunijaribu. Tarumbeta yangu ya kichina, ilikuja na mausipisi (kile kipande cha kuwekea mdomo) imeandikwa 7C basi, haina jina la kampuni. Nataka sauti nene ile ya wazee kwenye nyimbo za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam), yangu inatoka kali kama filimbi ya trafiki. Kaka yangu yuko Marekani kakuta mausipisi nne za zamani kwenye duka la vyombo vilivyotumika, kanitumia picha: Bach imeandikwa Mt. Vernon namba 7 (dola 150), Olds 3 (dola 35), Parduba 5 yenye nyota (dola 120) na Conn moja fupi (dola 15). Anasema atanilipia moja tu. Nichukue ipi? Na ni kweli mwenye midomo minene kama mimi 7C haimfai?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu la haraka ili kaka asisubiri: achukue Olds 3, ila kabla hajatoa hela aikague kama ntakavyoeleza huko chini. Conn aiache, ntakwambia kwa nini. Parduba ni mausipisi nzuri lakini inaenda kinyume na unachotafuta. Na Bach ndo ngumu kidogo, maana kwa sauti unayoitaka hiyo ndo ingekaribia zaidi kati ya zote nne, tatizo dola 150 hazilipii sauti peke yake, zinalipia na yale maandishi ya Mt. Vernon, mji kilipokuwa kiwanda zamani.

Sasa twende taratibu.

Mausipisi ukiitazama unaona kitu kimoja lakini inafanya kazi kwa sehemu nne. Kuna ukingo, pale midomo inapokaa. Kuna kikombe, lile shimo. Chini ya kikombe kuna koo, tundu jembamba kuliko yote. Halafu kutoka kooni hewa inaingia kwenye tundu la nyuma linalopanuka taratibu mpaka mwisho wa mguu, ule unaochomeka kwenye tarumbeta. Watu wengi wakiongelea sauti wanaongelea ukingo, eti hii kubwa hii ndogo, wakati ukingo kazi yake kubwa ni kukufanya uweze kupuliza: ukikaa vizuri mdomoni utadumu, ukikukata hutamaliza seti ya kwanza. Unene wa sauti unautafuta kwanza kwenye kikombe. Kikombe kirefu, hasa kilichoteremka kama faneli, kinatoa sauti nene na laini. Kikombe kifupi chenye mgongo wa bakuli kinatoa sauti kali inayopenya, na noti za juu unahisi zinakuja kirahisi. Halafu tundu la nyuma, likiwa pana linaongeza unene, likiwa jembamba linakaza sauti na kukupa upinzani. Hilo tundu la nyuma halionekani kwa macho, ndo maana mausipisi mbili zinazofanana kabisa kwa mbele zinaweza kutoa sauti tofauti mpaka ukashangaa.

Koo nalo lina sehemu yake. Bach za kawaida koo lake ni drili namba 27, yaani milimita 3.66. Hizi namba za drili zinaenda kinyume, 22 ni kubwa kuliko 27, na 30 ni ndogo. Koo pana unahisi hewa inapita tu, sauti inafunguka, lakini unachoka mapema na ukipuliza taratibu noti inakuyumbia. Kumbuka hili la koo maana ntalirudia kwenye ukaguzi.

Tukija kwenye namba. Kwa Bach namba ikikua mausipisi inapungua, 1 ndo pana na 20 ni nyembamba. Herufi inasema urefu wa kikombe: A kirefu sana, C cha kati, D na E vifupi. Isiyo na herufi kabisa, kama hiyo 7 ya kaka, kikombe chake ni kirefu kuliko cha C. Ukienda kwa kampuni nyingine kama Yamaha au Schilke mambo yanageuka, namba kubwa ndo pana, na herufi A ndo kifupi. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia "chukua B ni nene" muulize B ya nani. Na hata milimita zisikudanganye. Katalogi ya Bach inasema 7C ni 16.20 na 3C ni 16.30, lakini kila kampuni inapima kipenyo kwenye kina chake, huyu karibu na juu, huyu chini kidogo, na kwa kuwa ukuta wa kikombe umeinama jibu linabadilika. Kulinganisha milimita za Bach na za Yamaha kwenye karatasi ni kupoteza muda.

Na hapo hapo tuiongelee hiyo 7C yako. Hizi tarumbeta za bei nafuu zinakuja na mausipisi imegongwa 7C kwa sababu ndo namba inayojulikana dunia nzima, Bach wenyewe walikuwa wanaweka 7C kwenye kasha la tarumbeta zao. Ila aliyegonga yako alinakili namba, umbo ni lake. Nimezipuliza hizi za bila jina, moja ukingo mkali kama umekatwa na shoka, nyingine kikombe kifupi kuliko hata D. Kwa hiyo ukisema 7C haikupi sauti nene, mi siwezi kuhukumu 7C kwa ushahidi huo. Inawezekana kabisa hujawahi kupuliza 7C ya kweli maishani. Kabla ya kitu chochote, kwenye kikundi chenu au pale kanisani mtafute mwenye Bach au Yamaha halisi, muombe uisafishe kwa sabuni, puliza nusu saa. Kama unene unaongezeka hapo hapo basi tumeshajua adui ni nani na hujatumia hata shilingi.

Sasa hiyo Bach. Vincent Bach alizaliwa Austria mwaka 1890, alikuwa mpulizaji kabla hajawa mtengenezaji, akaingia Marekani 1914. Mwaka 1918 fundi akamharibia mausipisi yake, na yeye badala ya kwenda kwa fundi mwingine akanunua mashine ya kerezo ya kukanyaga kwa mguu, dola 300, akaanza kutengeneza mwenyewe pale New York. Matarumbeta yalikuja baadaye, kama 1924 hivi. Kiwanda kikahamia Bronx 1928, halafu 1953 kikaenda Mount Vernon, nje kidogo ya jiji la New York. 1961 mzee akaiuza kampuni kwa Selmer, na miaka michache baadae, katikati ya sitini, kazi zote zikahamishiwa Elkhart, Indiana. Kwa hiyo mausipisi iliyoandikwa Mt. Vernon ni ya kipindi kifupi, na mzee mwenyewe alikuwa bado yuko kiwandani. Watu wanazipenda kwa hilo, na kuna wakusanyaji ambao hata hawapulizi, wanaziweka kabatini tu, na hao ndo wanaopandisha bei mpaka sisi wa kupuliza tunaumia.

Utasikia pia watu wanatafuta neno CORP. kwenye maandishi, wanasema likiwepo basi ni ya zamani. Ni dalili nzuri lakini isikupeleke mbio, maana hata Elkhart miaka ya mwanzo waliendelea kugonga CORP.

Je ni bora kweli? Hapa ntasema ninavyoona, na wengine watabisha. Zile za Mt. Vernon nzuri ni nzuri sana, ukingo una makali fulani ya ndani yanayofanya noti ianze safi bila kukukata, na sauti ina mwili. Lakini kinachojulikana kwa wote wanaozishika ni kwamba hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Chukua 7C tatu za Mt. Vernon ziweke mezani, unaweza kukuta zinatofautiana kuliko 7C mpya na 5C mpya. Vifaa vya kukatia vinalika na kunolewa upya, mkono wa binadamu unamalizia, na juu ya hapo imepita miaka sitini mikononi mwa watu, mmoja ameichovya upya kwenye silva, mwingine kaisugua, mwingine kachimba koo kwa sababu alisoma mahali kwamba koo kubwa ndo siri. Kwa hiyo ukiambiwa Mt. Vernon 7 hujaambiwa bado itatoa sauti gani, umeambiwa ilikotoka tu. Wanaojua kununua hizi wanapuliza kwanza, na wewe huwezi kupuliza, iko upande wa pili wa bahari. Ndo maana nasema kwa dola 150 aiache. Muuzaji akishuka mpaka karibu na bei ya mausipisi mpya ya Bach, na koo likikutwa zima, hapo mwambie kaka aichukue haraka na Olds aiache, maana kikombe cha 7 bila herufi ndo kabisa kwenye njia yako.

Olds 3 basi. F.E. Olds walikuwa Los Angeles, baadae wakahamia Fullerton, California, wakafunga mwaka 1979. Walitengeneza tarumbeta ya wanafunzi inaitwa Ambassador, imara kweli kweli, ziliuzwa nyingi mno, na hii 3 ndo ilikuwa mausipisi ya kwenye kasha. Ndo sababu ni rahisi: zipo nyingi na hakuna anayeziweka kabatini. Kwa mdomo ukubwa wake hauko mbali na 7C kwa hiyo hutaanza upya, ukingo wake umeviringika, na kikombe kinateremka kuelekea faneli kuliko C ya Bach. Maana yake unapata unene bila kubadilisha kila kitu. Udhaifu wake ni huo huo ukingo wa mviringo: mwanzo wa noti unakuwa laini, zile noti fupi fupi za kugongea kwenye sebene zinaweza kukutoka kama umezifunga pamba mpaka ulimi uzoee. Kuunganisha noti kwa upande mwingine ni raha, na nyimbo za kanisani utafurahi.

Parduba ni ya New York, John Parduba na mwanawe, na aliyeitangaza dunia nzima ni Harry James, yule mpiga tarumbeta wa Marekani wa enzi za bendi kubwa za swing. Ina vikombe viwili, kimoja juu kifupi halafu kinashuka ngazi kuingia cha pili. Sauti ya Harry James unaijua hata kama hujui jina lake, inang'aa, inatetemeka kwa makusudi, inasikika mpaka mlangoni. Kwa harusi juu ya pikapu ungeitawala barabara nzima. Ila umesema unataka nene, na kuna jambo la pili linanitisha zaidi kwako, ile ngazi. Mwenye midomo yenye nyama, akikandamiza mdomo unaingia ndani ya kikombe mpaka unagusa ngazi, na ukigusa mtetemo unakufa, noti inakatika bila taarifa. Wapo wanaoiweza vizuri. Kununua bila kujaribu mi nisingefanya.

Conn sina cha kusema kirefu, kwa ninavyoiona pichani hiyo ni ya koneti, yule ndugu mfupi wa tarumbeta. Ya tarumbeta ina urefu wa karibu sentimita 8.7, ya koneti inacheza kwenye 7 na mguu wake ni mwembamba. Ukiichomeka kwenye tarumbeta inazama na kucheza cheza, sauti inaharibika na tyuni haikai. Maduka ya vilivyotumika yanazichanganya kila siku.

Kuhusu midomo minene. Hili nimeshalisikia mpaka nimechoka, na vijana wetu wanaambiwa na watu wasiopuliza hata filimbi. Unene wa mdomo unaouona kwenye kioo ni mdomo wa nje, ule umepumzika. Ukipuliza midomo inakunjwa, inajibana, na kinachoingia kwenye kikombe kinategemea meno yako yamekaaje, unabana kiasi gani, na unaiweka wapi. Kuna wenye midomo minene wanapuliza ukingo mdogo miaka yote na wenye midomo myembamba wanataka pana. Njia ya kujua ni kuangalia dalili. Noti za kati zikikatika ghafla ukipuliza kwa nguvu, au ukitoa mausipisi unaona alama ya ukingo imekaa katikati ya nyama nyekundu na inauma, basi ndo uanze kufikiria pana kidogo, kama 5C au 3C. Kama alama iko pazuri na unamaliza shughuli ya masaa manne bila mdomo kufa, usiguse kipenyo. Ukibadilisha kipenyo na kikombe kwa pamoja hutajua kilichokusaidia ni kipi.

Halafu niseme kitu kuhusu hiyo sauti ya RTD unayoitafuta, maana nadhani hapa ndo penye moyo wa swali lako. Zile za NUTA Jazz, bendi iliyoanza 1964 na ambayo baadae ikawa Juwata, OTTU, mpaka Msondo tunayoijua, sikiliza tena kwa makini. Mara nyingi huisikii tarumbeta moja. Unasikia matarumbeta na saksafoni wamekaa pamoja kwenye mstari mmoja, wanavuta pumzi pamoja, wanakata pamoja. Saksafoni inajaza chini, tarumbeta inakaa juu yake, na studio ya siku zile na tepu zake zinakata ule ukali wa juu kabisa. Ukichukua tarumbeta moja wapo hapo ukaisikiliza peke yake pengine ungesema mbona kawaida tu. Kwa hiyo kwenye bendi, kabla hujalaumu mausipisi, kaa karibu na mpiga saksafoni, punguza sauti mpaka umsikie yeye kuliko unavyojisikia, uone sauti yako itakavyonenepa yenyewe.

Na kuna wanaosema wanataka tarumbeta nene kumbe kichwani wanasikia flugelihoni. Hugh Masekela wa Afrika Kusini, nyimbo zake nyingi tunazozipenda anapuliza flugelihoni, ambayo ina bomba linalopanuka tofauti na mausipisi yenye kikombe kirefu kama faneli, na hakuna mausipisi ya tarumbeta itakayokufikisha pale. (Tarumbeta yake ya kwanza Masekela alipewa na padri Trevor Huddleston kule Johannesburg, ambaye miaka ya sitini akawa askofu wa Masasi kwetu hapa. Sijui wangapi Mtwara wanalikumbuka hilo.) Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, naye watu wanamtaja kwa unene. Alikuwa na mausipisi ya Heim, faneli kirefu, aliipata kupitia kwa mwalimu wake Joseph Gustat wa okestra ya St. Louis. Lakini pia alikuwa anapuliza taratibu, mara nyingi na kiziba cha chuma mbele, mdomo wa tarumbeta karibu kugusa maikrofoni. Weka Heim hiyo hiyo kwenye pikapu Barabara ya Morogoro jioni ya Jumamosi, dereva wako tu ndo atakusikia.

Na hilo linanileta kwenye shughuli zako, maana unafanya kazi tatu zisizofanana. Ya harusi uko nje, hakuna ukuta wa kurudisha sauti, gari linatembea, unashindana na honi na bodaboda. Pale kikombe kirefu kitakutoa jasho bure, utapuliza kwa nguvu zaidi, mdomo utaisha kabla bibi harusi hajafika ukumbini. Kwa harusi endelea na hiyo 7C yako kali, kule ukali wake una kazi. Olds iwe ya kanisani na ya dansi. Zote mbili zinakaribiana kwa ukubwa kwa hiyo mdomo hautachanganyikiwa sana. Halafu kwenye gari, tafadhali, dereva akikanyaga shimo mkono wako wa kushoto ndo ubebe tarumbeta, usiiache ining'inie kwenye meno. Wapo wenzetu waliopasuka mdomo hivyo.

Haya, ukaguzi. Mwambie kaka aende na biti za drili mbili, ya milimita 3.5 na ya milimita 4, na kipande cha karatasi. Asitumie upande unaokata, ageuze atumie ule mguu laini, auingize kupitia kikombe taratibu bila kulazimisha. Ya 3.5 ikipita na ya 4 ikikataa, tuko salama. Ya 4 ikipita, koo limechimbwa na mtu, aiache hata kama ni dola 5. Ya 3.5 ikikataa inaweza kuwa uchafu tu, miaka mingi ya mate na chokaa, hiyo inasafishika, ila achungulie kwenye mwanga aone kama tundu ni la duara.

Baada ya hapo aangalie mwisho wa mguu. Mausipisi ikidondoka inatua hapo, na duara linageuka yai. Ubovu mdogo fundi wa vyombo ananyoosha kwa chombo chembamba cha kupanulia, ni kazi ya dakika chache. Ukikuta mguu umesagwa au una makovu ya koleo hilo ni tatizo lingine, maana mguu ukipungua mausipisi inazama zaidi kwenye tarumbeta. Pale ndani, kati ya mwisho wa mguu na mwanzo wa bomba, kuna nafasi ndogo, watu wengi wanaichukulia kama milimita 3, na nafasi hiyo ikibadilika sana noti za juu zinapoteza mahali pa kukaa. Mausipisi ya kawaida inaingia kama sentimita mbili na nusu. Ikikufikia ukaona inazama kuliko hapo, zungushia mguu ukanda mwembamba wa karatasi, puliza, uone kama mambo yanakaa sawa. Karatasi ni ya kupimia tu, usiende nayo kwenye shoo.

Mwisho ukingo, apitishe ukucha kuuzunguka wote taratibu, ukucha ukikwama kuna kovu na mdomo wako utalisikia kila siku. Aangalie pia kama silva imeisha na shaba ya njano imetokeza pale mdomo unapokaa. Shaba tupu inawawasha baadhi ya watu, inaacha ladha, na shaba za zamani huwa na risasi kidogo ndani yake, si kitu cha kukaa nacho mdomoni miaka. Kuchovya upya kunawezekana, lakini fundi mwenye haraka anaisugua kwenye mashine mpaka inang'aa na makali ya ukingo yote yanaondoka, unarudishiwa mausipisi nzuri ya kupigia picha. Ndo maana nasema hata ya kung'aa sana uiulizie. Mi bora iliyofifia ambayo haijaguswa.

Ikifika Dar usiipulize siku hiyo hiyo. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi ndogo ya kupita kooni na nyuma, suuza vizuri. Kama kuna chokaa, siki iliyochanganywa na maji kwa dakika chache tu halafu suuza, usiilaze usiku kucha shaba itageuka rangi. Dawa ya mswaki kwenye silva hapana, inakwangua.

Kujaribu kwenyewe kuna ujanja wake. Mausipisi mpya siku ya kwanza inapendeza kila mara, hata mbovu, kwa sababu misuli inafanya kitu tofauti na unahisi umefunguliwa. Kwa hiyo usiamue siku hiyo, ipe wiki mbili, kila siku kidogo, na uijaribu pia mdomo ukiwa umechoka baada ya mazoezi ya bendi, maana mausipisi inaonyesha tabia yake ukiwa umechoka. Anza na noti ndefu za chini kwa sauti ndogo kabisa, je noti inaanza yenyewe bila hewa tupu kutangulia? Halafu G ya kati na G ya juu yake, ukiwa na tyuna ya kwenye simu, angalia kama ile ya juu inashuka flati. Vikombe virefu vina kawaida hiyo na lazima ujue kiasi gani kabla hujasimama na bendi. Halafu mstari mmoja wa wimbo unaoujua usingizini.

Na usijisikilize mwenyewe. Mpulizaji yuko nyuma ya tarumbeta, sehemu ya anachosikia inapita kwenye mifupa ya kichwa chake. Rekodi kwa simu iliyo mbali, hatua tano sita, ukumbini au kanisani pakiwa wazi, mausipisi zote mbili, wimbo ule ule. Au bora zaidi, wageuze wenzako wawili wa bendi wakupe mgongo, puliza kwa zamu bila kuwaambia ipi ni ipi, waseme. Mara nyingi wewe utakuwa unahisi tofauti kubwa na wao wanaulizana "amebadilisha?" Wakishindwa kutofautisha, basi chukua inayokufanya upulize kwa raha, hela iliyobaki wekeza kwenye slaidi na pistoni za hiyo tarumbeta zikae vizuri, maana tarumbeta inayovuja hewa hakuna mausipisi itakayoinenepesha. Hilo la kuvuja mi ningelipima hata leo kabla kaka hajalipa. Fanya hivi: chomoa slaidi ya pistoni ya kwanza taratibu bila kubonyeza pistoni. Nzima inapaswa itoe mlio wa "pop" ikitoka. Ikitoka kimya kimya hewa inapita mahali, au slaidi imekauka mafuta.

Kaka akishanunua asiitume kwa posta kama kuna mtu anakuja likizo. Aiweke ndani ya soksi nene katikati ya nguo, mguu usiguse kitu kigumu. Na kabla hajalipa anitumie picha mbili kupitia kwako, moja ya koo ikiwa imeelekezwa dirishani na moja ya mwisho wa mguu, ntakujibu siku hiyo hiyo. Hiyo Conn waulize wenzako wa kanisani kama kuna mwenye koneti, dola 15 kwa koneti ni bei nzuri.